Kumkimbiza Wambui kwa Ng'ombe wa Maji

Haya, nyinyi wa pale nyuma, songeeni karibu na moto! Na wewe Kimani toa hiyo kofia, imewazibia watu kama paa la kanisa. Mmeniuliza kwa kisima, mmeniuliza huko kwa mkonge, hata Jumapili mtu alinivuta shati katikati ya maombi: "Ndung'u, ilikuwaje huko Ruiru?" Sasa nasema mara moja tu. Mwalimu Josefu anaandika, na asiyesikia leo atasomewa kesho. Mimi kalamu siijui, lakini ulimi haujawahi kunikataa.

Mambo ya pasi na vibali sitasema. Siku hizi za Imajensi, hii hali ya hatari ya serikali, hata kuku akivuka barabara anaulizwa pasi, na hiyo nyinyi wote mnajua. Tuanze pale safari ilianzia, mlangoni kwa Wambui.

Kambini, Gatuanyaga

Wambui ni bibi ya kijana wangu Mwangi. Mwangi wamemfungia kule wanakofungia vijana wa siku hizi, akaacha msichana na tumbo dogo kama chungwa. Tumbo likakua. Mimi sidanganyi, mvua ikinyesha watu watatu wangeweza kujikinga chini yake na mbuzi mmoja.

Mama watoto wangu alishatuacha, Mungu amlaze. Kwa hivyo nyumbani tulikuwa mimi, Wambui, na dada yangu Nyambura.

Nyambura mnamjua, lakini mnamjua kwa mbali, maana hakuna mtu hukaa karibu naye. Wacha niseme wazi, leo sioni haya. Alipozaa, mara ya kwanza na ya mwisho, uchungu ulimshika mpaka watu wakasahau ulianza lini. Mtoto akatoka amekufa. Na toka siku hiyo mkojo haushikiki. Akikaa unatoka, akisimama unatoka, akilala unatoka. Bwana yake akamrudisha kwangu kama sufuria iliyotoboka. Analalia magunia, anayafua kabla jogoo hajaamka, na kanisani anasimama nje kwa dirisha, jua au mvua. Nyinyi mlisema ni laana. Mimi nilikuwa namtania tu, kwa sababu dawa nyingine sikuwa nayo.

Basi uchungu ukamshika Wambui jioni. Wamama wa kambi yetu ya mkonge wakaja, mimi nikafukuzwa. Ni sawa, mwanamume hasikii mambo hayo, tena ya bibi ya kijana wake! Nikaenda kulala zizini na ng'ombe zangu. Kulala ni kusema tu. Kila nikisikia sauti ya Wambui nilikuwa nashika pembe ya ng'ombe, na ng'ombe naye ananiangalia kama ananiuliza, sasa mimi nifanye nini?

Kukacha. Jua likapanda. Mtoto hakuna. Nikasogea nyuma ya nyumba, kidogo tu, nikasikia Cucu Wairimu, yule mama mzee anayezalisha watu hapa kambini.

"Wewe msichana, sema. Ulitembea na nani? Mtoto amekataa kutoka kwa sababu ya siri. Taja jina, atatoka."

Wambui analia. "Hakuna mtu, cucu. Hakuna."

"Taja! Mwangi ameenda siku nyingi."

Hapo mlango ukalia pwaa! Nyambura huwa anapita pembeni kama paka aliyeiba nyama, lakini siku hiyo aliingia kama inspekta.

"Mwacheni! Mimi mliniambia hivyo hivyo. Nikataja. Nikataja wanaume ninaowajua, nikataja wanaume sijawahi kuwaona, nikataja hata wawili waliokuwa wamekufa. Mtoto alitoka? Niangalieni basi! Hii ndiyo ilitoka!"

Mimi sikuona, lakini nilijua anawaonyesha ile leso yake iliyolowa. Halafu akatoka nje, macho mekundu kama makaa.

"Ndung'u! Funga ng'ombe."

"Twende wapi?"

"Kwa mtu mwenye kisu na akili. Mkiendelea kumwambia asukume, hiki mnaniona nacho mimi, kesho mtamwona nacho yeye."

Njia ya kambi, mlango kwa mlango

Kazi yangu mnaijua: napeleka maji kambini na mkokoteni wa shamba. Ng'ombe zangu mbili, Shauri na Kesho, majina niliwapa kwa tabia. Shauri hatembei mpaka afikirie. Kesho ni mvivu sana, kivuli chake humtangulia kufika.

Nikatoa pipa la maji, nikatoa ndoo, nikatandika nyasi na blanketi. Wamama wakampandisha Wambui. Nyambura akapanda nyuma yake, akamshika kwapani. Mimi nikaenda mbele ya ng'ombe, mgongo kwa mkokoteni, kwa sababu baba mkwe hawezi kumwangalia bibi ya kijana wake akiwa hivyo. Hata kuongea naye nilipitia kwa Nyambura, tata yake, yaani shangazi.

"Mwambie ashike kando ya mkokoteni, kuna shimo."

"Wambui, baba anasema shika kando."

"Tata, mwambie baba nimesikia."

Na kila mtu yuko hatua mbili kutoka kwa mwenzake! Lakini heshima ni heshima.

Tukafika mlango wa kwanza wa kambi. Shauri akasimama. Kesho akasimama. Nikavuta, hakuna. Nikapiga fimbo, hakuna. Hapo ndipo nikakumbuka. Ng'ombe wa maji wamezoea hivi: mlango, simama. Ndoo ikigongwa, twende. Na ndoo nimeiacha nyumbani ili mkokoteni uwe mwepesi!

Mama mwenye nyumba akatoka na debe kichwani. "Leo maji yamekuja mapema!"

"Si maji, ni Wambui!"

"Uuuwi, Ngai! Bado hajazaa?"

"Mama, gonga debe lako!"

"Nini?"

"Gonga!"

Akagonga. Ng'ombe zikaondoka kama wakubwa waliomaliza mkutano. Hatua kumi, mlango wa pili, simama. Gonga debe. Mlango wa tatu, simama. Kambi ile mnaijua ilivyo ndefu, siku hiyo ilikuwa imefika Mombasa. Wambui akishikwa na uchungu anauma blanketi, Nyambura ananifokea, "Ndung'u, ng'ombe zako zina wazimu?" na wamama wanatoka na madebe mbele yangu na nyuma yangu, ngo ngo ngo, kama tunafukuza nzige. Mwishowe yule wa kwanza akanitupia debe lake. "Chukua, nenda nalo hata Ulaya!"

Nikaligonga mpaka vidole vikavimba. Nilikuwa natabasamu kwa watu, lakini ndani, wenzangu, nilikuwa nimekauka. Huyo msichana alikuwa ameacha kulia. Mtu akilia unajua yuko.

Kwa dresa wa mkonge

Katikati ya mkonge kuna nyumba ndogo ya dawa, na dresa wa shamba anakaa hapo, mtu wa kufunga vidonda na kugawa dawa ya malaria. Alikuwa anakula viazi vitamu. Akaviacha, akapanda mkokoteni, akamshika Wambui tumbo, akasikiliza na ile chuma yake. Mimi nikaangalia mkonge. Nikahesabu miba ya mkonge, na mkisikia nimechanganyikiwa ni hapo.

Akashuka pole pole.

"Mzee, mtoto bado anapiga moyo. Lakini kichwa kimekwama kwa mfupa, njia ni ndogo. Hapa hawezi kutoka. Anataka hospitali ya kupasua. Kuna misheni iko ndani ya kahawa, upande wa Gatongora, huko Ruiru. Daktari yuko."

"Tukimpeleka pole pole?"

"Pole pole hapana. Kichwa kikikandamiza nyama ya ndani siku nzima, damu haipiti, ile nyama inakufa. Ikifa inaoza. Ikioza kuna tundu." Akamwangalia Nyambura, akaangalia chini. "Mama, nadhani wewe wajua."

Sisi wote kumbe tulikuwa tunaishi na laana ambayo ni nyama iliyokandamizwa! Nilitaka kuuliza maneno mengi, lakini Wambui akaniita. Siyo kupitia kwa tata. Aliniita mwenyewe, na sauti ndogo sana.

"Baba. Twende."

Dresa akanipa vile viazi vyake, akasema nile. Nikala vyote kwa mate makavu, nusura nife mimi kabla ya wengine.

Thika, lori la ngozi

Thika tuliingia jua likiwa kichwani kabisa, vumbi limetupaka mpaka Kesho, ambaye ni ng'ombe mweusi, watu walidhani ni wa mzungu. Karibu na viwanda, pale wamama wanauza viazi na ndizi kando ya barabara, lori moja lilikuwa limesimama, dereva anaweka maji kwa injini. Dereva anaitwa Salimu, Mwislamu wa pale Majengo. Lori lake huleta ngozi mbichi kutoka kaskazini, na sasa limeshusha ngozi, linarudi Nairobi tupu. Tupu ya mzigo, lakini siyo ya harufu.

Nikamweleza. Hakungoja nimalize.

"Mzee, mpandisheni. Ruiru ni njia yangu. Ngojeni nifunge boneti. Wewe mama, panda kwanza utandike hayo magunia."

Nyambura akasimama pale chini ya lori kama amepigwa msumari.

"Mimi? Mimi pia nipande?"

"Kwani wewe huendi?"

"Baba, mimi... mimi nina shida. Nitaharibu gari yako."

Salimu akacheka. "Utaharibu nini, mama? Hili lori hata fisi hulikimbia. Mimi mwenyewe bibi yangu haniruhusu ndani mpaka nioge mara mbili. Panda!"

Sasa nyinyi hamwezi kujua. Miaka yote hiyo, basi zilimshusha. Mikokoteni ya watu ilimkataa. Hata mimi, gari ya kwanza nimempandisha ilikuwa ya maji. Na hapa kuna mtu anamwambia panda kama anamwambia mtu. Nyambura akapanda. Akatandika magunia. Akasimama huko juu, akainua uso, na kabla sijajua anafanya nini, akaachilia vigelegele. Ariririririri! Na tena. Na tena. Na tena. Na tena.

Mara tano.

Nikashika kichwa. Kwetu Wakikuyu, vigelegele ni gazeti. Tatu, ni msichana amezaliwa. Tano, ni kijana. Kila mwanamke wa pale barabarani alikuwa amehesabu bila kutaka kuhesabu.

"Kijana! Kijana amezaliwa!"

Wakaja! Wakaacha viazi, wakaacha ndizi, wakaja na vibuyu vya uji, wakazunguka mkokoteni wangu, wengine wanaimba, mmoja ananilazimisha kibuyu mdomoni. "Kunywa, guka! Leo umezaliwa!" Kwa sababu kijana wa kwanza hupewa jina la guka wake, baba ya baba yake, kwa hivyo ni mimi nilikuwa nimezaliwa pale Thika, na ndevu na kila kitu. Nikijaribu kusema, uji unaingia. Nikimeza, wananiongeza.

Na Salimu? Salimu ameoa msichana wa kwetu. Hesabu anaijua! Amefunga boneti, amesikia tano, akafurahi. "Alhamdulillahi! Mungu amewarahisishia. Haya, mlee salama!" Akaingia ndani, akawasha, akaondoka.

Na Nyambura yuko juu.

Nikamwona anapiga paa la lori na ngumi zote mbili. "Simama! Bado! Bado!" Salimu naye, aliyedhani mama ameshashuka, anapiga honi kwa furaha, pipi, pipi, na hizo ngumi anadhani ni ngoma za wamama. Mimi nikatema uji, nikapiga kelele, lakini nani atasikia mtu wakati watu wanaimba? Nikafikiria: hapa ndipo imeishia. Lori limeenda, na msichana yuko hapa amefunikwa na uji na nyimbo.

Kuna mama mmoja muuza viazi, mnene, mikono kama magogo. Alikuwa ameinama ampe Wambui uji. Akaweka mkono kwa tumbo. Akaganda.

"Nyamazeni! NYAMAZENI! Huyu hajazaa! Mtoto yuko ndani!"

"Na vigelegele ni vya nani?"

"Vigelegele ni vya wazimu wenu! Lori! Shikeni lori!"

Wenzangu, mmeona wamama wakikimbia? Hapana, hamjaona. Walikunja leso wakatoka kama risasi, vumbi juu, viatu mkononi. Bahati ya Mungu, king'ora cha kiwanda kikalia saa hiyo hiyo, wafanyakazi wakatoka kwenda kula, barabara ikajaa watu kama mchwa. Salimu akakwama. Wamama wakafika, mmoja akakaa mbele ya gurudumu kabisa, miguu imenyooshwa, kama yuko kwake anachambua maharagwe.

Askari akaja na filimbi. "Mkutano gani huu? Mnajua mikutano ni marufuku?"

Yule muuza viazi akamjibu bila kusimama. "Ni mkutano wa kuzaa. Mama yako pia alifanya mmoja."

Askari akameza filimbi. Kidogo aimeze kweli.

Lori likarudi kinyumenyume, Salimu jasho linamtoka. "Mzee, nisamehe. Lakini nyinyi watu! Mnapiga vigelegele kabla ya mtoto? Sasa mimi nihesabu nini?" Wamama wakambeba Wambui wakamweka juu. Hakufungua macho. Nyambura akamlaza kifuani, na uso wake ulikuwa umebadilika, hakuna hata alama ya ile furaha.

"Ndung'u," akaniambia kwa sikio, "ni mimi nimemchelewesha. Akipata tundu, ni langu."

Sikupata mzaha wowote. Nilitafuta, wallahi, sikupata.

Barabara ya Ruiru

Ng'ombe nikamwachia muuza viazi, na mimi nikakaa mbele na Salimu. Hiyo barabara ina mashimo ambayo ukianguka ndani unasalimia watu wa Ulaya chini. Akienda mbio, Wambui anarushwa. Akienda pole, saa inakimbia. Alikuwa ananiuliza kila mara, "Mzee, niongeze au nipunguze?" na mimi najibu, "Ongeza pole pole."

Kabla ya Ruiru kuna kizuizi. Askari wawili, bunduki, na mti umelazwa barabarani.

"Mnabeba nini?"

"Mgonjwa," Salimu akasema.

"Kila mtu anabeba mgonjwa. Juzi mgonjwa alikuwa na risasi kwa blanketi. Shukeni wote."

"Hawezi kushuka," nikasema.

"Basi nitapanda mimi."

Akapanda. Harufu ya ngozi mbichi, jua la mchana, na Nyambura wetu ndani. Alipanda kama askari, akashuka kama mzigo. Akashika ule mti, akapumua, akarusha mkono. "Pita! Pita haraka! Inua huo mti, wewe!"

Nikasikia Nyambura huko juu akisema, "Asante, baba," kwa adabu kabisa.

Ndani ya kahawa

Tukaacha barabara, tukaingia njia ya kahawa. Kahawa imetuzunguka pande zote, mistari mpaka mwisho wa dunia, na hakuna nyumba. Halafu mto, na daraja la mbao ambalo hata mbuzi mnene angeomba kwanza. Salimu akashuka, akakanyaga ubao mmoja, ubao ukalia.

"Lori halipiti hapa."

Wachuma kahawa walikuwa karibu, wanawake na vikapu. Nyambura akaita huko juu, na safari hii hakupiga vigelegele, nawahakikishia. Akasema tu, "Wamama, tusaidieni, mtoto wa mtu anakufa." Wakaja na turubai yao, ile ya kumwagia kahawa wakichagua. Wakamlaza Wambui katikati. Wanne kwa pembe, wengine kando. Lakini Salimu bado anasogeza lori kando, ubao wa daraja ni mwembamba, wa kando hawatoshi kupita, na pembe moja ya upande wa kichwa mwenye kuishika alikuwa mama na mimba yake mwenyewe.

"Wewe mzee," wakaniambia, "shika hapa."

"Mimi ni baba mkwe!"

"Shika, au tumwangushe kwa heshima."

Nikashika. Lakini ningefanyaje na macho? Nikafunga. Nikatembea juu ya hilo daraja nimefunga macho kama mtu anayeomba, mto unanguruma chini yangu, mguu wangu ukakosa ubao, turubai ikainama, wamama wakapiga ukelele mmoja.

Na sauti ikatoka pale chini ya mikono yangu.

"Baba. Fungua macho. Utaniangusha."

Nikafungua. Nikamwona uso. Wenzangu, mimi nina mdomo mkubwa, nyinyi wote mnajua, lakini vile alikuwa nitaacha. Nikamwambia, "Sikuangushi, mama." Tukavuka.

Misheni

Nesi wa pale anaitwa Loise, mwanamke mfupi wa kwetu, anatembea kama ameitwa na watu saba. Aliona turubai tu, akapiga makofi, milango ikafunguka, Wambui akamezwa ndani na daktari mzungu nyuma yake anakunja mikono ya shati.

Sisi tukabaki. Salimu hakuenda Nairobi, alikataa, akakaa chini anazungusha tasbihi yake. Nyambura akasimama nje, dirishani, kama alivyozoea. Loise akatoka, akamwona.

"Mama, ingia ukae."

"Hapa ni sawa."

Loise akamwangalia, halafu akapumua kwa pua mara moja. Hakufunga pua, hakurudi nyuma. Akaleta kiti, akatandika kitambaa kizito juu yake. "Kaa. Kitambaa kikilowa nitaleta kingine. Vitambaa tunavyo vingi."

Nyambura akakaa. Sikumbuki mara ya mwisho nilimwona kwa kiti cha watu.

Mtoto alitolewa kwa tumbo. Kwanza hakulia, tukasikia wanampiga makofi madogo, na Salimu aliacha kuzungusha. Halafu akalia. Msichana! Jina la mama watoto wangu, Njeri. Nilitaka kucheka nikalia, nikataka kulia nikacheka, ikatoka sauti kama ya punda.

Lakini daktari hakucheka. Akasema na Loise akatufasiria. Kichwa kilikandamiza muda mrefu. Wameweka mpira mwembamba wa kutoa mkojo, kibofu kipumzike, nyama ijirudishe. Wambui atakaa na huo mpira kwa siku kadhaa. Pengine nyama iko hai, pengine imekufa. Mpira ukitolewa ndio tutajua kama amebaki mzima au atavuja.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa safari ndefu kuliko zote, na hatukusonga hata hatua. Salimu alituaga. Mimi nililala kwa banda la wageni. Nyambura hakutoka kitandani kwa Wambui. Kila asubuhi alipapasa shuka, ananusa, anapapasa tena, mpaka wagonjwa wengine wakamwita Polisi.

Siku moja Loise akamwuliza yake. Daktari akampima. Wakamwambia siyo laana, na inashoneka, lakini ni ya zamani, pengine mara moja haitatosha. Mimi nimemwacha huko, anangoja siku yake. Sijui itakuwaje. Alipoambiwa alisema tu, "Kwanza tuone ya huyu."

Siku ya mpira

Siku ya kutoa mpira, baba yake Wambui akaja. Mzee Gakuru, mzee wa kanisa, koti refu, kofia mkononi, mgongo umenyooka kama mlingoti wa bendera. Sasa nyinyi mnajua sisi na mkwe. Kwa mkwe huombi maji. Huli mpaka ushibe. Hukohoi ovyo, na neno la choo, hilo kwa mkwe halisemwi hata nyumba ikiungua. Tukakaa kwa benchi nje ya wodi toka asubuhi. Kila tukinyamaza mke wa mpishi wa misheni anatuletea chai, na sisi tunakunywa kwa sababu kukataa ni vibaya.

"Mvua itanyesha," mimi nasema.

"Pengine," yeye anasema.

Mpira ulikuwa umeshatolewa. Tulimwona Wambui akipita pole pole na Nyambura, wanaenda nyuma ya jengo. Niliangalia sketi yake akipita, Mungu anisamehe, niliangalia kama daktari. Gakuru pia aliangalia. Wote wawili tukaangalia angani haraka.

Tukangoja. Nikafikiria Mwangi akirudi, akiambiwa bibi yako anakaa peke yake nyumba ya nyuma. Nikafikiria magunia. Gakuru alikuwa anabana kofia yake mpaka ikawa kama chapati. Wodini kasisi alikuwa ameanza maombi, wagonjwa wote wameinamisha vichwa, kimya kama kaburi.

Halafu tukasikia miguu inakimbia, na Nyambura akatokea kwenye kona, leso imeanguka, mikono juu, akapiga kelele mpaka njiwa wakaruka kwa paa:

"AMEKOJOA! Amekojoa chooni! Mwenyewe! Alikuwa amekauka njia yote, akafika, akakaa, akakojoa, ukakatika! Ameubana, ukabanika!"

Maombi yakasimama. Kasisi akatoa kichwa dirishani. Mimi nikatamani ardhi inimeze, mbele ya mkwe! Sikuthubutu kumwangalia. Nikamsikia Gakuru akisimama pole pole, nikageuka, kumbe machozi yanamwagika mpaka kwa koti, akavaa ile kofia iliyokunjamana, akapaza sauti yake ya kanisani:

"Bwana asifiwe! Sasa nionyesheni na mimi hicho choo, kabla sijalowesha benchi ya watu!"